Stempu za Vuga: Karatasi za Usambara Zilizozikwa Ardhini

Msafiri aondokaye Tanga kwa njia ya Muheza na Korogwe hupita katikati ya mashamba ya mkonge hadi Mombo, na hapo huanza kupanda milima ya Usambara kwa barabara iliyojipinda ubavuni mwa korongo. Joto la pwani humwacha polepole. Afikapo Soni, penye maporomoko ya maji, huwa amekwisha kutafuta sweta. Toka hapo si safari ndefu kufika Vuga, mji wa kale wa watawala wa Kisambaa wa ukoo wa Kilindi.

Wengi wetu tunaijua Vuga kwa sababu ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye enzi yake katika karne ya 19 ilienea kutoka milimani hadi mwambao. Lakini wako watu katika nchi za mbali wasiopata kusikia habari za Kimweri, ilhali jina la Vuga hulitaja kwa heshima. Hao ni wakusanyaji wa stempu.

Kisa chenyewe ni cha Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari wa Kijerumani walifika Vuga mwaka 1895, na baadaye wakaweka huko mtambo wa kuchapia. Mwaka 1915 manowari za Kiingereza zilifunga mwambao wote wa koloni. Meli ya Rubens, iliyokuja na shehena kutoka Ujerumani, ilishambuliwa mwezi Aprili mwaka huo katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nguo, dawa na risasi zilipungua, na hata stempu zikaanza kuadimika katika maposta.

Hapo ndipo serikali ya Kijerumani ilipoukumbuka mtambo wa Vuga. Mapema mwaka 1916 zilichapwa huko stempu za aina tatu: za heller 2½, za heller 7½ na za rupia 1. Ila mwezi Machi meli nyingine, Marie, iliponyoka ikatia nanga Sudi, karibu na Lindi, ikiwa imeleta stempu miongoni mwa shehena yake. Zile za Vuga hazikuhitajika tena. Waingereza walipokuwa wakisonga mbele, zilizikwa ardhini zisije zikatekwa. Tanga yenyewe ilianguka Julai 7, 1916.

Mwaka 1921 zilifukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa kwa wakusanyaji. Hivyo karatasi iliyochapwa katika milima yetu ilitoka udongoni ikaingia moja kwa moja katika albamu za ng'ambo.

Msomaji ataweza kuuliza: karatasi kuukuu ina faida gani? Huko Ulaya na Marekani wapo wakusanyao hata wanasesere wa karatasi waliochezewa na watoto zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nao huwauza kwa bei ya kushangaza. Bei ya vitu hivi haitokani na karatasi. Hutokana na uchache wake, usalama wake, na hakika ya asili yake. Ndiyo maana stempu ya Vuga yenye mhuri wa posta humtia mnunuzi mashaka badala ya furaha, kwa kuwa stempu hizo hazikupata kugawiwa maposta.

Si lazima mtu awe na stempu ya Vuga ndipo awe na hazina. Katika nyumba za Ngamiani, Pangani na Muheza bado yako masanduku ya mababu. Humo huweza kupatikana stempu yenye picha ya Hohenzollern, meli ya anasa ya mfalme wa Ujerumani. Stempu ya Tanganyika ya mwaka 1922 yenye kichwa cha twiga. Kadi yenye picha ya bandari. Au hata nakala ya Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililoanza kuchapwa katika shule ya Tanga mwaka 1904. Thamani iliyoandikwa nayo husaidia kujua umri: stempu ya Kijerumani yenye neno pesa ni ya zamani zaidi, kwani rupia ilihesabiwa kwa pesa 64 kabla ya kugawanywa katika heller 100, na stempu za heller zilianza mwaka 1905.

Adui wa hazina hii ni mchwa, mende, unyevu wa masika, na haraka ya vijana. Kijana aonapo bahasha ya babu huibandua stempu akaiuze, na bahasha akaitupa. Huko ni kuchuna ngozi na kutupa nyama. Bahasha nzima, yenye mhuri, tarehe na anwani, huwa na thamani kubwa zaidi sokoni, na kwa ukoo ndiyo ushahidi kwamba babu aliwahi kufanya kazi Korogwe au kupokea barua kutoka Unguja.

Kwa hiyo usikate, usibandue, wala usigandishe kwa gundi. Weka karatasi mahali pakavu, mbali na jua, ndani ya bahasha safi. Andika pembeni, katika karatasi nyingine, jina la aliyekuwa nayo na namna ilivyokufikia. Ukilazimika kuuza, tafuta kwanza maoni ya watu wawili au watatu wenye ujuzi, na piga picha kila kitu kabla hakijatoka mikononi mwako.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Stempu za Vuga zilikwenda zao, na kuzirudisha leo si kazi rahisi. Lakini lile sanduku lililo chini ya kitanda cha bibi bado liko hapa hapa Tanga. Bibi naye, Mungu akimjalia uzima, bado anaweza kusoma jina lililo juu ya bahasha na kutwambia lilikuwa la nani.