Ukimya wa Babu

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi ni mjukuu kweli, na majuto yangu yalikuja baadaye, ukumbi ulipokuwa umejaa watu na makofi yanapigwa.

Mpenzi msomaji, kama ulihudhuria sherehe yetu ya Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai mwaka jana, bila shaka unaikumbuka filamu fupi ya dakika sita iliyoonyeshwa ukumbini. Yule mzee aliyevaa kanzu na kofia ya mkono, aliyeketi barazani Kibokoni na kikombe cha kahawa tungu, ni babu yangu mzaa mama. Mliicheka sana ile filamu. Leo nataka kuwaeleza mlichokicheka.

Babu alifanya kazi sinema kwa miaka ishirini. Hakuuza tikiti wala hakusimama mlangoni. Yeye alikuwa juu, katika chumba cha mashine. Mombasa ilikuwa na sinema kadha wa kadha zamani hizo, na mpaka leo wazee wa barazani hutaja Regal, Naaz na Majestic kama watu wanaotaja marafiki waliokufa. Mimi sikuikuta hata moja ikionyesha picha. Ndiyo maana nilipoambiwa nitengeneze kitu cha kuonyesha siku ile, nikaona afadhali nimhoji babu. Nikaazima simu ya khalati, nikaenda zangu barazani.

Babu alisimulia vizuri mno. Alieleza kuwa filamu ndefu haikuwa mkanda mmoja, bali mikanda mingi, kila mmoja wa dakika kama ishirini. Kwa hivyo chumbani mlikuwa na mashine mbili. Mkanda ukikaribia kwisha, nukta hutokea juu kulia kwenye picha. "Nukta ya kwanza, wawasha mota ya mashine ya pili," akasema. "Wahesabu kama sekunde saba. Nukta ya pili, wafunga huku, wafungua kule. Walio chini hawajui kitu. Ukisinzia tu, wapigiwa mbinja ukumbi mzima!" Akaongeza kwamba *Sholay*, ile ya mwaka 1975, ilipita saa tatu, na usiku alirudi nyumbani mkono ukimuuma.

Kisha nikamwuliza, "Babu, siku sinema ilipofungwa ulifanya nini?"

Babu hakujibu. Alitazama kiganja cha mkono wake. Mkokoteni ukapita nyuma yake, paka akapita. Mimi nimeshika simu tu, mkono unanitetemeka kwa kuchoka. Muda ukapita mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "N'lirudi nyumbani."

Usiku ule nikaketi kuiunganisha filamu yangu. Nilipofika kwenye swali lile nikaona, lo! kimya hiki chote cha nini? Watu watalala. Nikakikata. Lakini bila kitu pale, jibu likawa limekuja ghafla mno. Basi nikachukua kipande cha siku nyingine, muuza kahawa alipomtania babu na babu akacheka mpaka machozi, nikakipachika pale. Ikawa hivi: swali, babu anacheka kwa kishindo, "N'lirudi nyumbani." Nikajiona fundi. Na kwa kuwa simu ya khalati ilikuwa imejaa, naye anahitaji nafasi ya picha za mahamri anayouza, nikafuta vipande vyote vya mwanzo.

Yaliyotokea ukumbini mnayajua. Mlicheka mkagonga meza. Babu alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu bila neno. Baada ya sala ya Isha akaniita.

"Mjukuu wangu, mimi n'licheka?"

"Hapana, babu."

"Kwani wewe hukuona n'livyokaa?"

"Niliona, babu. Lakini hukuwa umesema kitu."

"N'lisema," akajibu. "Ule ukimya ndio uliokuwa jibu langu. Hayo maneno mawili yalikuwa ya kufungia tu. Wewe umetupa jibu, ukabakisha kifuniko."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa wiki nyingi hakunisimulia tena habari za sinema. Nikimwuliza hunijibu, "Uliza khalati yako."

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliponiona nimenyong'onyea, alinishauri nisome juu ya kazi niliyoifanya bila kuijua. Nikasoma habari za Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, aliyefanya jaribio zaidi ya miaka mia iliyopita. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha lolote, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona mapenzi, na uso ni ule ule! Kumbe maana ya picha haimo ndani ya picha peke yake. Imo pia katika ile iliyowekwa jirani yake. Hata sisi washairi wa chama tunalijua jambo hili, kwani neno likihamishwa kutoka ukwapi hadi utao shairi huwa jingine.

Nikasoma pia juu ya studio kubwa za Marekani. Zamani zilikuwa tano: MGM, Paramount, Warner Bros., Fox na RKO. Zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na kumiliki majumba ya sinema ya kuzionyeshea. Mwenye jumba lake akitaka filamu moja nzuri, hulazimishwa kuchukua na mbovu kadhaa, mfano wa duka la mtaani lisilokuuzia sukari mpaka ununue na kiberiti. Mwaka 1948 mahakama kuu ya huko iliamua kwamba mtindo huo ni kinyume cha sheria, na studio zikalazimika kuachana na majumba yao.

Lakini kisa kilichonichoma ni cha Orson Welles. Mwaka 1942 alitengeneza *The Magnificent Ambersons* kwa RKO. Alipokuwa Brazil, studio ikaondoa zaidi ya dakika arubaini na kubandika mwisho wa furaha. Vipande vilivyokatwa vikaharibiwa. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mimi nilikuwa RKO, na babu alikuwa Ambersons.

Na huku kwetu? Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu huko Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika. Walioigiza walikuwa wenyeji, lakini kamera na mkasi vilikuwa mikononi mwa Waingereza, nao ndio waliochagua Mwafrika aonekane vipi. Miaka ya hamsini Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliigiza katika filamu ya Kiswahili *Muhogo Mchungu*, nayo pia ilitengenezwa na kampuni ya wageni kutoka Afrika Kusini. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2021 Amil Shivji, Mtanzania, alitoa filamu ya *Vuta N'kuvute* kutokana na riwaya ya Adam Shafi tunayoijua sote. Mkasi sasa uko kwetu, tena umo hata kwenye simu ya khalati. Nami nilipoushika kwa mara ya kwanza, nilimkata babu yangu mwenyewe.

Nilimwomba radhi, nikamsihi turudie kupiga picha. Akakataa. "Ule ulikuja wenyewe," akasema. "Nikirudia ntakuwa naigiza." Nikamwuliza kama naweza kuandika basi, ili waliocheka wajue. Akafikiri. "Andika. Lakini kabla hujampa mwalimu, nisomee."

Wenzangu, hilo ndilo ninalowaachia. Ukimhoji mtu, usifute kitu mpaka umalize, na kabla hujawaonyesha watu, mwonyeshe mwenyewe kwanza. Ukiona kimya kimekuwa kirefu, usikimbilie mkasi. Jiulize kinasema nini.

Jana usiku nilimsomea babu insha hii tangu mwanzo, yeye kitandani, mimi chini mkekani. Nilipofika pale aliponitazamia kiganja chake, nikasoma mbio nikitaka kupita. Akainua mkono.

"Hapo pumzika kidogo," akasema.

Nikapumzika.