Sanamu ya Sengerema na Chapa za Watoto

Wahenga walinena kwamba mtu ni watu. Neno hili twalisema kila siku, hata limekuwa jepesi kinywani. Walakini katika nchi yetu ya Ziwa liko jambo lililolipima neno hilo, na ukumbusho wake umesimama hadharani, kila apitaye auone. Ndugu wasomaji, nataka kuwaeleza habari za sanamu iliyoko Sengerema, na za kazi ndogo ya mikono ambayo watoto wa darasa langu waliifanya kwa kuifuata.

Zamani mtu aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema aliweza kupitia Kigongo, akangoja kivuko kimpeleke Busisi. Tangu mwezi wa Juni mwaka 2025 liko daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi, naye huvuka kwa dakika chache. Akifika mjini ataona, penye mzunguko wa barabara, sanamu ya madini yenye kimo cha watu hasa. Yuko baba, mtu mweusi, amembeba mtoto mabegani. Mtoto yule ana ualbino. Mama, naye mweusi, anamvika mtoto kofia pana ili kumkinga na jua. Hapo pameandikwa majina ya watu wenye ualbino walioshambuliwa katika nchi yetu.

Sababu ya majina hayo yajulikana. Kuanzia mwaka 2007 hivi mikoa ya Ziwa iliingia katika aibu kubwa. Wako waliodanganywa na waganga kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri, wakaenda usiku na mapanga. Nao hawakuwa wageni siku zote. Katika mashauri mengine walitajwa majirani na hata jamaa. Ndipo watoto wengi walipokusanywa katika shule za bweni wapate ulinzi, kama Mitindo huko Misungwi na Buhangija huko Shinyanga. Ulinzi ule uliokoa maisha, nasi hatuna budi kushukuru. Ila ulikuwa na bei yake. Mtoto aliepushwa na panga kwa kutengwa na mama yake, na wengine wakakaa muda mrefu pasipo mtu wa kwao kuja kuwajulia hali. Aliyeokoka alikuwa hai, lakini alikuwa peke yake.

Kwa hiyo naona kwamba fundi wa sanamu ile alifikiri vema. Hakutengeneza panga wala jeneza. Wala hakumsimamisha mtoto peke yake juu ya nguzo, watu wapate kumhurumia. Alimrudisha kwa wazazi wake. Hata baba yule ana maana yake, kwa kuwa akina mama wengi wamekimbiwa na waume zao baada ya kujifungua mtoto wa namna hii, wakisingiziwa uzinzi au laana. Wataalamu wametueleza kwamba ualbino huu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, hata kama wote ni weusi, na inakisiwa kwamba katika Tanzania huzaliwa mtoto 1 mwenye ualbino katika kila watoto 1,400 hivi. Basi baba anayekimbia amekimbia kilicho chake.

Nilipokuwa nikifundisha kazi za mikono, niliwapa wanafunzi wangu picha ya sanamu hiyo, wakaichonge katika vipande vya kandambili zilizochakaa, vilivyogundishwa juu ya vibao. Rangi yetu ilikuwa nyeusi, imeongezwa uzito kwa uji wa unga wa muhogo. Kazi yenyewe ni hivi: palipokatwa hapapati rangi, hubaki weupe wa karatasi, palipoachwa hupokea rangi, na ukilaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, sura hutokea.

Watoto waligundua jambo ambalo sikuwa nimewaambia. Mmoja alikata mno, akaondoa baba na mama na mbingu iliyo nyuma yao. Alipochapa, yule mtoto mweupe hakuonekana kabisa, maana weupe wake ulipotea katika weupe wa karatasi. Mwingine hakukata kitu mahali pa mtoto, naye akapata doa jeusi lisilo na habari. Chapa zilizosomeka ni zile tu ambazo weusi wa mabega ya baba ulimshika mtoto, nao weupe wa mtoto ukaonyesha mabega yalipoishia. Kila mmoja alimpa mwenziwe umbo.

Katika darasa lile alikuwamo msichana mwenye ualbino, akaaye dawati la mbele kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Wenziwe walidhani atachonga kwa huzuni. Yeye alitazama kazi ya jirani yake, akasema, “Kofia hii ni ndogo. Jua la saa saba litamchoma shingoni.” Akamwonyesha ukingo ulivyopaswa kupanuliwa. Tangu hapo watoto walikwenda kwake kuuliza kipimo, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kofia. Kwangu mimi saa ile ilifanya kazi kuliko hotuba nyingi za tarehe 13 Juni, ambayo tangu mwaka 2015 huadhimishwa duniani kote kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Sanamu ya Sengerema ni moja, nayo haiondoki penye mzunguko wake. Chapa ni nyingi, na hutembea. Kibao kimoja kilitoa karatasi thelathini, zikaenda katika nyumba thelathini, nyingine hata visiwani. Na hatari ile ilianzia majumbani, katika maneno yanayosemwa usiku watu wazima wakidhani watoto wamelala. Yafaa picha ya baba yule iwe ukutani wakati maneno hayo yanaposemwa.

Walimu wenzangu, kazi hii haihitaji fedha. Mtoto wa namna hii mkalisheni mbele, mpeni kofia pana na nguo ya mikono mirefu, msimtume shambani jua likiwa kali, wala msimwache acheze peke yake. Maana kumlinda mtu ni jambo jema, lakini kuishi naye ni jema zaidi.