Twiga wa Malindi

Yamkini wewe, msomaji, umezaliwa kama mimi katika vilima vya Machakos, na habari za bahari unazisikia tu. Mimi niliijua bahari kwanza kwa twiga. Kule kwetu Wamunyu, ambako Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika na ufundi wa kuchonga baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, baba aliketi kutwa chini ya mwembe, tezo mkononi, akichonga twiga ambao hakupata kuwaona porini. Wachuuzi waliwapeleka Malindi, mji ambao Waitaliano huujia kwa ajili ya jua, kana kwamba pwani yao ya Mediterania haina jua la kutosha!

Hata nilipofika Malindi, sikuishughulikia nguzo ya Vasco da Gama. Nilipita kibanda baada ya kibanda, nikitafuta. Nikamwona: shingo imeinama kidogo upande wa kushoto, alama ya baba. Nikauliza bei. Ilikuwa mara nane ya ile aliyolipwa baba.

Mwaka 2020, hoteli nyingi zilipofungwa kwa sababu ya korona, tezo ya baba ilinyamaza. Wageni walirudi baadaye. Twiga yule yuko mezani kwangu. Nilimnunua, wala sikumwambia baba kwa kiasi gani.