Je, Kitu Kisichotazamwa Hakipo?

Jioni moja ya tarehe 29 Shaabani tulitoka na watoto mpaka uwanjani kutazama kama mwezi umeandama. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa magharibi, wala hapakuonekana kitu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, kijana wetu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa akisoma fizikia, alisema: "Baba, nimesoma ya kuwa wataalamu wamethibitisha kwamba kitu hakipo mpaka kitazamwe. Basi huenda usiku huu mwezi haupo." Wadogo zake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwani tuliona usoni mwake kwamba hafanyi mzaha.

Twakiri mbele ya wasomaji kwamba jawabu tulilompa usiku ule halikuwa sawa. Tulimwambia: ukitia kipimajoto baridi katika kikombe cha chai, kipimajoto chenyewe huipoza chai kidogo. Ndivyo ilivyo elektroni. Ni ndogo mno hata chombo cha kuipimia huisukuma. Tukajiona tumemaliza, tukaenda kulala.

Kosa hilo lina wenyewe wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1927 Werner Heisenberg alieleza jambo hili kwa mfano wa hadubini ambayo nuru yake huigonga elektroni, na Niels Bohr akamkosoa kwamba maelezo yale hayatoshi. Maana chai ina joto lake kabla hatujaipima. Elektroni je?

Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake, huko Japani, walizipeleka elektroni moja moja kupita kushoto na kulia mwa uzi mwembamba sana. Kila elektroni ilipiga kioo mahali pamoja tu, kama tone moja la mvua. Lakini zilipofika maelfu, matone yale yalijipanga yakafanya mistari ya mwanga na giza, kama mawimbi mawili yanavyokutana. Na elimu hii yafundisha kwamba ukiweka kitu cha kuonyesha elektroni imepita upande gani, mistari hiyo hutoweka. Wala haifai kusema kwamba majibu yote yalikuwa yamekwisha andikwa ndani ya chembe, sisi tukayavuruga tu. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba dhana hiyo, ikiwa hakuna athari ipitayo mbio kuliko nuru, yapingana na hesabu za kwantamu; majaribio yakatoa haki kwa hesabu, na mwaka 2022 Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Basi kijana alikuwa na haki kutoridhika na kikombe chetu cha chai. Lakini je, alikuwa na haki juu ya mwezi? Karibu mwaka 1950 Albert Einstein, akitembea na Abraham Pais, alimwuliza kama kweli aamini kwamba mwezi upo pale tu anapoutazama. Swali la kijana wetu ni lile lile.

Lililompoteza, kwa maoni yetu, ni neno "kutazama". Msomaji akilisikia hufikiri juu ya jicho na moyo wa mwanadamu. Hebu na atazame jaribio lililofanywa Vienna mwaka 2004. Zeilinger, Markus Arndt na wenzao walichukua molekuli za kaboni, kila moja ya atomu 70, wakazipitisha katika chombo kilichowapa ile mistari ya mawimbi. Kisha wakazipasha moto kwa miale ya leza kabla hazijaingia. Kitu chenye moto hutoa nuru, kama kaa lililo jikoni. Molekuli zile nazo zikawa zatoa nuru njiani. Kadiri zilivyozidi joto, ndivyo mistari ilivyofifia, hata ikapotea. Hapakuwa na mtu aliyeikusanya nuru ile akaisoma. Ilikwenda zake ikaishia ukutani mwa chombo. Lakini ilikuwa imechukua habari ya mahali molekuli ilipopita, na hilo likatosha.

Mwezi, basi, hauna faragha hata ya nukta moja. Jua laupiga, vumbi la mbinguni laupiga, na nuru yatoka kwake kwenda pande zote, tukiwa macho au tumelala. Usiku ule wa mawingu tulikamilisha siku 30 za Shaabani. Kilichongoja kuonekana ni saumu yetu. Mwezi ulikuwa nyuma ya mawingu, ukishika njia yake.

Tulimrudia kijana tukamweleza haya yote, na kwanza tukamwambia kwamba tulimjibu kwa haraka. Alisikiliza, kisha akauliza: "Sawa, Baba. Alama ikiachwa, mistari hupotea. Lakini kwa nini elektroni hii imepiga hapa, isipige pale?"

Hapo ndipo wataalamu wenyewe walipogawanyika. David Bohm, mwaka 1952, alisema chembe ina mahali pake siku zote, nalo wimbi huiongoza. Hugh Everett, mwaka 1957, alisema hakuna kinachochaguliwa, bali yote mawili hutokea, nasi twajikuta katika tawi moja. Wengine husema ni bahati tupu, na kwamba elimu haina zaidi ya kukadiria bahati hiyo. Hawajapatana hata leo.

Kijana aliyaandika majina yale mawili nyuma ya daftari lake, akatuuliza ni lipi tunalolikubali. Tulimwambia asome kwanza hesabu yake, kisha yeye ndiye aje kutueleza.