Aveba: nyumba ya udongo na mikono ya mama



Siku hizi picha za nyumba zinapita ndani ya simu zetu kila jioni. Kuna mtindo mmoja ambao watu wa Ulaya na Marekani wanaupenda sana, nao ni nyumba ya kijijini ya kisasa. Kuta ni nyeupe na hazikunyooka sana, miti ya paa inaonekana, viti ni vya mbao isiyopakwa rangi, na vikapu vimetundikwa ukutani. Huko mtu wa mjini analipa fundi pesa nyingi ili saloni yake ifanane na nyumba ya mkulima. Sisi hapa Bunia tunakimbilia simenti na fotei kubwa za kununua, na tukitaja nyumba ya udongo tunaona haya kidogo. Ndiyo maana wiki hii tunawapeleka Aveba, tukaangalie nyumba ya kijijini mahali penyewe inapokaa.

Aveba iko kusini ya Bunia, katika sheferi ya Walendu-Bindi, teritware ya Irumu, kwa ndugu zetu Wangiti. Ukitoka Bunia unafika Bogoro, unaiacha njia ya Kasenyi inayoshuka kwenye Ziwa Albert, na unashika njia ya Kagaba na Gety. Njiani macho yanahesabu mapaa. Hapa ni nyasi, pale ni manjanja mapya yanayong'aa, mbele kidogo ni shitingi iliyofungwa juu ya miti. Kila paa linaeleza wenye nyumba walirudi lini na walirudi na nini mkononi.

Hatuwezi kuongea juu ya nyumba kwenye njia hii bila kukumbuka vita. Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya La Haye ilipotoa hukumu yake mwaka 2014, kuharibu mali na kupora vilihesabiwa kati ya makosa, pamoja na kuua. Na tarehe 24 Machi 2017 majaji walipoamua fidia kwa watu 297, waliweka msaada wa nyumba kati ya mambo ya kufanywa, pamoja na masomo, kazi za kuleta mapato na kutuliza mioyo. Upande wa Gety na Aveba nao watu walikimbia na kurudi, tena si mara moja. Makubaliano ya amani kati ya serikali na kundi la FRPI yalitiwa sahihi Gety tarehe 28 Februari 2020, na kazi ya kurudi haijaisha.

Kwa hiyo katika nchi hii swali la kupamba nyumba si la mchezo. Mama anajiuliza: mbona nipake ukuta rangi, kama kesho naweza kuukimbia? Wengine wamejijibu kwa kuacha. Wanalala ndani ya kuta zenye nyufa, vyombo vinakaa ndani ya mifuko iliyofungwa tayari, na watoto wanakua wakijua kwamba nyumba ni mahali pa kungojea tu. Swali hilo tulienda nalo Aveba.

Mama mmoja alitukaribisha kwenye baraza yake. Nyumba ni ya miti ya mkaratusi na matete, udongo umejazwa katikati, na paa ni la nyasi. Chini, kuanzia ardhini mpaka magotini, ukuta umepakwa udongo mweusi uliochanganywa na majivu. Juu ya hapo ni udongo mweupe, safi kabisa. Ndani ya ukuta ameacha tundu dogo la kuweka taa, na kando ya mlango kuna benchi la udongo lililoshikamana na ukuta wenyewe. Rido ni kipande cha kikwembe cha zamani, kimepindwa vizuri pembeni. Kulikuwa na kigoda cha mti mmoja, mikeka miwili, vikapu vitatu vya ukubwa mbalimbali, na taa ya jua juu ya meza. Ukiipiga picha nyumba ile na kuituma Ulaya, watauliza fundi wake ni nani.

Fundi ni yeye na mabinti zake. Wanaume walisimamisha miti na kuezeka. Maji, kukanyaga udongo na kusiliba ulikuwa mzigo wa wamama. Tulimuuliza kama haogopi kupoteza kazi hiyo yote. Alisema:

«Mwalimu, hii ni nyumba ya tatu katika parsele hii. Udongo hauniombi franga. Nikirudi, ninaukuta.»

Tulilifikiria jibu hilo njia yote ya kurudi. Mtu aliyejenga kwa manjanja na simenti, siku akipoteza, anangoja miaka mpaka apate pesa. Mama anayejua udongo, siku akirudi anaanza na mikono. Hatusemi kwamba umaskini ni mzuri, wala kwamba serikali na wafadhili wasilete manjanja. Walete. Tunasema kwamba ujuzi wa kusiliba ni mali, na tusipowafundisha mabinti zetu utapotea, halafu tutaununua kwa watu wa mbali.

Kwa wamama wanaotaka kujaribu, hii ndiyo kazi yenyewe. Udongo wa kwanza unachanganywa na nyasi zilizokatwa fupi, unakanyagwa na kuachwa ulale siku kadhaa ndipo ujazwe ukutani. Unaachwa ukauke na kupasuka, usiogope nyufa zile. Ndipo unakuja udongo wa pili, laini, uliochujwa mawe, na ndani yake unatia mavi ya ng'ombe mabichi na majivu. Huo unapakwa mwembamba kwa kiganja na kulainishwa kwa jiwe la mtoni. Ukipasuka tena, ongeza mchanga. Mwisho ni udongo mweupe. Ukiuchanganya na uji mwepesi wa unga wa muhogo, unashika vizuri zaidi na hauachi vumbi kwenye nguo. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, maana udongo wa kilima kimoja si sawa na wa kilima kingine.

Adui wa nyumba ya udongo ni maji. Paa lipite ukuta kwa zaidi ya nusu ya meta, ili mvua isiupige. Chini weka mawe mbele ya kuanza udongo, na uchimbe mfereji kuzunguka nyumba. Kila mwaka, Januari au Februari wakati wa jua, ukuta unasilibwa upya. Kusilibwa kila mwaka ndiyo desturi yake, kama vile sisi tunavyosuka nywele tena.

Sasa neno la kisasa liko wapi? Kwetu sisi kisasa si vioo vingi. Kisasa ni nyumba ambayo mtoto anakaa ndani bila kuugua. Jambo la kwanza ni moshi. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba hewa chafu ya moshi wa ndani ya nyumba iliua watu milioni 3,2 duniani mwaka 2020, na wamama na watoto ndio wanaokaa karibu na moto. Kwa hiyo jiko litoke kwenye chumba cha kulala, likae kwenye kibanda chake chenye mahali pa moshi kutokea. La pili ni mwanga. Dirisha moja kila chumba, hata dogo, na ukuta mweupe unaongeza mwanga bila taa. La tatu ni chakula. Mahindi na maharagi yasilale chini ya kitanda. Hapa Ituri tunaijua tauni, na watu wa Rethy huko Djugu waliiona tena mwaka 2020. Panya wanafuata nafaka na viroboto wanafuata panya. Ghala lijengwe nje, juu ya miguu. La nne ni chandarua, ambacho kinaweza kuwa pambo kikifungwa vizuri juu ya kitanda mchana.

Mwenye manjanja naye asijione ameachwa nje ya mtindo huu. Manjanja yanakupa maji ya mvua na hayashiki moto haraka kama nyasi. Shida yake ni joto la mchana na kelele ya mvua. Funga mikeka au matete yaliyosukwa chini yake, nyumba itapoa na utasikia mtoto akikuita.

Tena tusifikiri kwamba mapambo haya ni jambo la wageni. Ndani ya Ituri yetu, katika msitu, wanaume Wambuti wanapiga magome ya miti mpaka yawe kitambaa, na wanawake wao wanachora juu yake mistari na alama kwa maji meusi ya tunda la gardenia. Vitambaa hivyo leo vinatundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mashariki ya Rwanda wamama wanatengeneza imigongo: mavi ya ng'ombe na majivu yanafinyangwa ukutani au juu ya ubao, kisha yanapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kazi hiyo ilikuwa karibu kufa baada ya mauaji ya 1994. Wanawake, kati yao wajane wengi, ndio walioungana katika ushirika na kuiinua, na leo inauzwa mpaka ng'ambo. Wao pia walikuwa watu waliopoteza nyumba.

Basi chama chetu kinaweza kufanya nini? Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kikundi kitafute mama mmoja mzee anayejua kusiliba na kuchagua udongo, na mabinti wa kikundi wakae naye siku tatu wakati wa jua. Waandike kilima gani kina udongo mweupe na kipimo cha majivu ni kipi, kwa maana mambo hayo hayapo ndani ya kitabu cha shule. Pili, tusilibane kwa zamu, kama tunavyolimiana mashamba. Tuanze na wajane na waliorudi karibuni. Nyumba moja kwa mama mmoja ni kazi ya wiki mbili, lakini kwa wamama kumi ni siku mbili, na chakula kinapikwa pamoja.

Na yule anayeuliza kwa nini apambe nyumba ambayo anaweza kuikimbia, sisi tunamjibu hivi. Mikeka, vikapu na kigoda vinabebwa. Ujuzi unabebwa pia, tena hauna uzito. Ukuta unabaki, lakini mtoto aliyelala miezi sita tu katika chumba cheupe, chenye dirisha na mkeka safi, amejua nyumba ni nini, na siku ya kurudi atakusaidia kukanyaga udongo.

Wakati wa jua ukikaribia, tuandikieni. Tuambieni katika kijiji chenu udongo mweupe unatoka wapi.