Cousin, Kisiwa Kisichopokea Panya

Fukwe za Shelisheli hazihitaji msifiaji. Picha zake zimejaa kwenye kalenda za ofisini. Mimi nitakisifu kisiwa kisicho na hoteli wala duka, chenye mbu wengi kuliko wageni. Ni Cousin, ng'ambo kidogo ya Praslin, ekari zipatazo 70 tu za msitu na mawe makubwa ya itale.

Kufika kwenyewe ni kivumbi. Boti iliyokutoa Praslin haigusi ufuko. Inasimama nje, na boti ya hifadhi inakuja kukuchukua wewe na mfuko wako. Nahodha anavizia wimbi, anakoleza injini, kisha boti inapanda mchangani kwa kishindo huku abiria mmeng'ang'ania mbao. Yote hayo ni kwa sababu ya panya. Boti ya nje inaweza kumficha mmoja, na jike mwenye mimba akishuka hapa, kazi ya nusu karne imekwenda na maji.

Ukiingia msituni unaelewa wanacholinda. Kinda la membe mweupe limekaa juu ya tawi tupu, bila tago, usawa wa kifua chako, linakutazama tu. Mijusi inapita juu ya viatu. Kobe wakubwa wamelala njiani, nawe ndiwe unayezunguka.

Halafu anakuja pisantez, kama Wakrioli wanavyomwita. Ana undugu na kurumbiza wa kwetu: mweusi wa kung'aa, mwenye baka jeupe kwenye kila bawa. Alitua hatua mbili kutoka nilipokuwa, akainamisha kichwa, akachungulia majani makavu niliyoyavuruga kwa kupita. Akachomoa mdudu, akammeza, akanisogelea kudai mwingine. Akiimba, utasimama.

Tabia hiyo ya kutafuta riziki chini, karibu na miguu ya watu, ndiyo iliyomponza. Alikulia visiwa visivyo na mnyama wa kumwinda ardhini. Mabaharia na walowezi wakaleta paka na panya. Jike hutaga yai moja tu kwa kawaida, basi pengo halizibiki haraka. Aliyekuwa ametapakaa visiwa kadhaa, kufikia miaka ya 1960 alibaki Fregate peke yake, nao walikuwa 15 hivi. Paka wa Fregate waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1995 panya wakaingia huko huko, ikabidi vita ianze upya hadi walipomalizwa mwaka 2000.

Bahati ni kwamba wakati huo baadhi ya ndege walikuwa wameanza kuhamishiwa Cousin. Kisiwa hiki kilikuwa shamba la minazi, lakini panya hawakuwahi kukita humo. Kilinunuliwa mwaka 1968 na shirika la kimataifa la kulinda ndege, ambalo leo ni BirdLife International, kwa ajili ya ndege mwingine mdogo aliyebaki hapa tu, wasiofika 30. Minazi ikapunguzwa, msitu wa asili ukarudi. Ndege yule sasa anahesabiwa kwa maelfu. Pisantez naye yuko Fregate, Cousin, Cousine, Aride na Denis, ingawa bado yumo katika orodha ya walio hatarini.

Sisi wa Unguja na Dar es Salaam tuna kunguru, aliyeletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Anakula makinda ya ndege wengine mpaka leo, na kila jitihada ya kumpunguza imekuwa ghali kuliko ambavyo ingegharimu kumzuia bandarini. Kwa hiyo mlinzi wa Cousin alipoomba kuangalia mfuko wangu, niliufungua wote, hadi mfuko wa ndani wenye biskuti.

Kiingilio si cha bei rahisi, lakini ndicho kinachosaidia kuwalipa walinzi hao. Nenda asubuhi ya siku ya kazi na vaa mikono mirefu. Chakula cha mchana utakula Praslin.