Taa Niliyoizima

Asubuhi ya leo sina somo refu. Nina ungamo, na linaanzia chini ya usukani wa gari langu.

Wengi wenu mnalijua lile gari dogo la kijivu. Mnajua pia kwamba nimekuwa nikilitafutia mnunuzi, maana karo ya chuo haimsubiri mtu. Msichojua ni kwamba taa ya injini iliwaka miezi mitatu iliyopita. Fundi alilipima akanitajia namba ya hitilafu, P0420. Maana yake kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi kimechoka, au angalau kompyuta ya gari inaona kimechoka. Kukibadilisha ni pesa nyingi. Kuifuta taa ni shilingi 500. Nikatoa 500. Fundi akabonyeza, taa ikazima, akasema, "Pasta, imepona!" Tukacheka wote wawili.

Jumatano dada mmoja mwalimu akaja kuliona. Ameweka akiba yake kwenye chama miaka mingi apate gari la kumfikisha shuleni. Akawasha injini, akaangalia dashibodi, hakuna taa. Akaniambia, "Mchungaji, kwako sina haja ya kuleta fundi." Ukiambiwa neno kama hilo na dhamiri yako isishtuke, ujue uko pabaya. Yangu haikushtuka. Niliitikia, "Amina."

Sasa, yuko kijana wetu anayepiga kinanda kwenye timu ya sifa. Kwa mwaka mzima amekuwa akiandika programu ya simu ya kupima injini, usiku akitoka kazini. Chini ya usukani wa gari lako kuna soketi yenye pini 16. Unachomeka adapta, kidude kidogo kama kiberiti, nayo inaongea na simu kwa Bluetooth. Programu inauliza, gari linajibu. Kijana akiuliza 010C, gari linaweza kujibu 41 0C 1A F8. Yeye anachukua 1A na F8, anazigeuza kuwa 6,904, anagawanya kwa 4, anapata mizunguko 1,726 ya injini kwa dakika. Nilimwambia hiyo ni karama ya kufasiri lugha. Alicheka kwa heshima tu.

Ijumaa baada ya mazoezi aliniomba gari langu alijaribie programu. Nikampa funguo bila wasiwasi, kwani taa si ilikuwa imezima?

Alichomeka kwanza adapta yake ya bei rahisi. Simu ikaonyesha gari safi kabisa. Hakuna hitilafu, hakuna jaribio lililobaki. Nikasema haleluya, na niliisema kwa sauti. Lakini yeye alikuwa anakunja uso. Alikuwa ameazima adapta nyingine, ya bei mara kadhaa ya ile yake, akataka kulinganisha. Akachomeka ya pili. Safari hii simu ikaandika kwamba majaribio matatu ya gari hayajakamilika, na kwamba tangu kumbukumbu za hitilafu zifutwe gari limetembea kilomita 38.

Hebu nieleze hapa, maana mimi mwenyewe sikujua. Ukifuta taa, kompyuta ya gari inaondoa ile namba ya hitilafu, lakini inaanza kuhesabu. Inahesabu kilomita tangu ulipofuta. Inahesabu mara ngapi injini imepata moto tangu ulipofuta. Na majaribio yake ya ndani, kama lile la kupima chombo cha moshi, yanarudi mwanzo, na yanaweza kuchukua safari kadhaa kukamilika. Kwa hiyo gari lisilo na taa lakini lenye majaribio mengi ambayo hayajaisha mara nyingi ni gari lililofutwa juzi. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na si yote yanayojibu kila swali. Langu lilijibu.

Kwa nini basi adapta ya kwanza ilinisafisha? Ilikuwa ikikata majibu katikati. Na programu ya kijana ilikuwa na kosa: jibu lisipofika, ilijaza sifuri. Katika lugha ya gari, sifuri mahali hapo maana yake hakuna jaribio lililobaki. Ukimya ukasomeka kama utakatifu.

Kijana aliangalia simu. Akaniangalia mimi. Akaangalia chini. Mtoto ambaye nilimbatiza mwenyewe akasema polepole, "Pasta, nafikiri hii adapta ya pili ina shida."

Mpendwa, alijua haina shida. Alikuwa ameipima kwa magari mengi kuliko mimi nilivyohubiri mwezi huo. Lakini alikuwa tayari kukishtaki chombo cha kweli kuliko kumwona mchungaji wake kuwa mwongo. Alinifungulia mlango, na ningeweza kupita. Ilibaki niseme, "Ndiyo mwanangu, vitu vya siku hizi..." Naye angerudi nyumbani aifanye programu yake iiamini ile adapta inayodanganya, na madereva wa matatu anaotaka kuwauzia wangepimiwa injini kwa uongo wangu.

Nilikaa kimya kitambo ambacho sitaki kukikumbuka. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya mizani, kubwa na dogo. Nimehubiri sura hiyo, mnakumbuka, nikawataja wauza viazi. Sikuwahi kutaja wauza magari.

Nikamwambia, "Adapta haina shida. Mimi ndiye nilifuta taa."

Hakunijibu kitu. Alichomoa adapta, akaikunja ndani ya kitambaa, akaniuliza kama nataka aniandikie zile namba kwenye karatasi. Nikasema ndiyo.

Kwa sababu mtaniuliza juu ya adapta, niseme alichonifundisha tukirudi nyumbani. Nyingi zinabandikwa jina ELM327. Hilo ni jina la chipu ya kampuni ya Canada, Elm Electronics, iliyofunga biashara mwaka 2022. Toleo la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, watu wakalinakili, na sasa sokoni nakala zimejaa. Nyingine zinajitambulisha kama toleo 1.5, na kampuni yenyewe haikutoa 1.5 kamwe! Nyingine hujiita 2.1 lakini ukizipa amri za toleo hilo zinarudisha alama ya kuuliza. Kwa hiyo usiamini kidude kinachojitaja jina. Kipe kazi. Kiulize maswali mengi kwa haraka, uone kama majibu yanafika mazima. Yeye anapendelea OBDLink, ambazo zina chipu yao wenyewe inayoelewa amri zile zile. Silipwi kuitangaza. Na ukimaliza kupima, ichomoe, maana soketi ile ina umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa, na asubuhi utasukuma.

Jumamosi nilimpigia yule mwalimu simu. Nilimsomea karatasi yote, P0420, kilomita 38, shilingi 500. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia, Mchungaji. Na kama huyo kijana hangekuja na mashine yake?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Amenipa ruhusa niandike haya bila kumtaja. Kuhusu gari amesema atafikiria, na safari hii atakuja na fundi wake. Nimeshusha bei kwa gharama ya kile chombo.

Taa ilirudi Jumanne, nikiwa natoka mazishini. Sijaigusa. Ukipanda gari langu utaiona.

Kijana amerekebisha programu yake. Pale jibu lisipofika haijazi sifuri tena. Inaandika "gari halikujibu". Jumapili baada ya ibada ya pili atakuwa pale tunapoegesha magari, karibu na tangi la maji, na adapta zote mbili. Anahitaji magari ya aina nyingi ya kujaribia, hasa yenye injini ya dizeli. Njooni na funguo zenu, na mwombeeni. Jumatatu ana mtu anayetaka kuinunua programu hiyo kwa gereji yake, na ameshamwomba aongeze kitufe kimoja tu, cha kuficha zile kilomita.